Nimealikwa Sviat Vechir (mkesha wa Krismasi) kijijini Ukraine, mimi mgeni na Mwislamu. Niendeje?

Fundi wa Ng'ombe

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo.

Niko mkoa wa Cherkasy tangu Septemba, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, kama mia tatu hivi wanaokamuliwa. Mwenye shamba ametoka Denmark, wakamuaji ni kina mama wa hapahapa kijijini, mimi nashughulikia matibabu na uhimilishaji. Kiukraine changu bado cha kuokoteza.

Mama mmoja wa zamu ya alfajiri amenialika kwake jioni ya tarehe 24 Desemba. Alisema "Sviat Vechir", akahesabu kwa vidole mpaka kumi na mbili, kisha akafanya kama anatafuna. Nimeelewa ni vyakula kumi na viwili. Mwanawe yuko vitani, nyumbani amebaki na mkwewe na mjukuu wa miaka sita.

Nguruwe na pombe situmii, na hapa kila meza niliyowahi kukaa ina salo, yale mafuta ya nguruwe yaliyotiwa chumvi. Nikikataa vyakula nusu, nitakuwa nimemvunjia heshima? Niende na nini mkononi? Halafu kuna la kazini: zamu ya jioni tarehe 24 imepangwa kama siku ya kawaida, kina mama wananung'unika, na wawili kati yao wanasema wao watataka ruhusa tarehe 6 Januari, siyo Desemba. Bosi ananiuliza mimi. Krismasi ya hapa ni lini hasa?

Na jambo moja linaninyima usingizi. Jumamosi moja mwishoni mwa Novemba, saa kumi jioni, kina mama walizima redio, wakawasha mshumaa dirishani mwa chumba cha maziwa, wakasimama kimya. Mimi nikaingia nikicheka na simu sikioni. Hakuna aliyenisemesha. Nilikosea nini?

Ngano na Alizeti

Marahaba, mdogo wangu. Mimi niko mkoa wa Poltava, huu mwaka wa kumi na sita. Nimeoa hapa, nalima kwenye ardhi ya kukodi, maana sheria ya 2020 iliyofungua soko la ardhi haimruhusu mgeni kununua shamba. Ardhi yangu yote ni vipande vya wanakijiji, wenyewe wanaviita pai, walivyogawiwa mashamba ya pamoja ya enzi ya Kisovieti yalipovunjwa. Kwa hiyo ninayemuudhi siku ya sikukuu ndiye mwenye ardhi ninayolima. Hilo nililijua kwa gharama, nitakusimulia.

Nianze na mshumaa. Jumamosi ya nne ya Novemba ni siku ya kuwakumbuka waliokufa kwenye Holodomor, njaa ya 1932 na 1933. Haikuwa njaa ya ukame. Serikali ya Stalin ilizoa nafaka majumbani, na kwa amri ya tarehe 7 Agosti 1932 mtu aliyeokota masuke kwenye shamba la pamoja angeweza kupigwa risasi au kufungwa miaka kumi. Mamilioni walikufa juu ya udongo huu mweusi ambao ukichomeka kijiti kinaota. Siku hiyo, saa kumi jioni, watu huweka mshumaa dirishani. Bibi yake mke wangu alikuwa mtoto wakati ule. Nilimkuta hai bado. Akimaliza kula alikuwa anapangusa meza kwa kiganja cha kulia, anakusanya makombo kwenye cha kushoto, anayatia mdomoni, halafu anakitazama kiganja kuona kama kuna lililobaki. Hakuwahi kutusimulia kitu, na sisi hatukumuuliza.

Walijua hujui, ndiyo maana walinyamaza. Lakini usingoje tarehe 24. Nenda kesho kwa huyo mama umwambie "vybachte", samahani, ule mshumaa sikuuelewa. Inatosha.

Sasa tarehe. Kijijini kwangu, mpaka Januari 2023, Krismasi ya watu wengi ilikuwa tarehe 7 Januari. Mwaka huohuo bunge liliihamisha sikukuu ya serikali kwenda 25 Desemba, na Kanisa la Kiorthodoksi la Ukraine likabadili kalenda kuanzia tarehe 1 Septemba. Karibu kila sikukuu yenye tarehe maalumu ilirudi nyuma siku kumi na tatu. Pasaka peke yake iliachwa na hesabu yake ya zamani, na zote zinazohesabiwa kutoka kwake. Hao wawili wa tarehe 6 bado wanafuata kalenda ya kale. Usilizungumzie zizini ni nani yuko sahihi. Kuna nyumba humu ambamo mama anaandaa Desemba na mkwewe anaandaa Januari, na jambo hilo lina machungu ndani yake kwa sababu ya vita. Wape hao wawili tarehe yao, basi.

Kisheria bosi wako hajakosea: katika sheria hii ya vita, sikukuu si lazima iwe mapumziko. Ila mwambie hivi. Watu hawagusi chakula mpaka nyota ya kwanza ionekane, na Desemba jua linazama mnamo saa kumi. Ukamuaji wa jioni uishe kabla. Ng'ombe usiwasogezee ukamuaji kwa muda wa saa mbili nzima kwa mkupuo, wewe ndiye fundi unajua zaidi yangu. Anzeni siku nne kabla, nusu saa nusu saa. Wakishakamua, kina mama waende zao. Kuosha mabomba na kusukuma malisho mfanye nyinyi wageni wawili, wewe utaoga baadaye na kuwahi. Hili litakumbukwa kijijini miaka mingi kuliko bahasha yoyote.

Kuhusu chakula, Mungu amekupunguzia. Sviat Vechir ni mlo wa mfungo. Hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna mayai, kila kitu ni mafuta ya alizeti. Utakuta supu ya borshchi yenye vidonge vya unga vilivyojazwa uyoga, varenyky (vifurushi vya unga vya kuchemsha) za viazi na za kabichi, samaki, maharage, mikunjo ya kabichi yenye wali au bakwiti. Cha kwanza kabisa ni kutia: ngano nzima iliyopondwa kuondoa ganda, ikachemshwa taratibu, ikachanganywa na asali, jozi, na mbegu za mpopi zilizosagwa mpaka zikatoa maziwa. Kila mtu anaanza kwa kijiko cha kutia, nawe anza hivyo. Kinywaji ni uzvar, matunda makavu yaliyochemshwa, tufaha na peasi zina harufu ya moshi kidogo. Wakikupa kitu kikali, weka mkono kifuani useme "diakuiu, ni", asante, hapana. Hawalazimishi usiku ule. Pasaka ndiyo itakuwa kazi, kapu lote limejaa soseji na salo, lakini kuna mayai, jibini na mkate wa paska, hutalala njaa.

Kona ya chumba utaona mganda wa ngano umesimamishwa. Ni didukh. Usiuguse wala usiuegemee. Waliotangulia wa nyumba ile wanasemekana kukaa humo mpaka sikukuu ziishe. Na utaona sahani isiyo na mtu. Usikae mahali pake, hata wakiwa wanahangaika kutafuta kiti cha kukukalisha. Kwenye nyumba za siku hizi pengine zitakuwa mbili, ya wafu na ya aliye vitani.

Kuna jambo utalipenda kwa kazi yako. Kabla ya kula, mwanamume wa nyumba hupeleka kutia kidogo kwa ng'ombe. Wanasema usiku ule wanyama wanapewa ulimi na wanamweleza Mungu jinsi bwana wao alivyowatendea mwaka mzima.

Sasa lile la gharama. Mwaka 2011 ulikuwa msimu wangu wa pili. Theluji ilichelewa kuyeyuka, kisha likaja juma moja kavu lenye upepo. Shayiri ya majira ya kuchipua unaipanda mara udongo unapoacha kunata kwenye buti, kwa sababu mtaji wake ni unyevu wa theluji, na upepo unaunywa kila siku inayopita. Alhamisi tarehe 7 Aprili nikatoa trekta. Ilikuwa Blahovishchennia, siku ya Malaika kumpasha habari Bikira Maria, ambayo kwa kalenda mpya ni 25 Machi. Hapa wanasema siku hiyo ndege hajengi kiota na binti hasuki nywele. Na kwamba ardhi imelala majira yote ya baridi, inabarikiwa na kufunguliwa siku hiyohiyo, kwa hiyo hakuna anayetia chuma ndani yake.

Nilipanda hekta kumi na nane. Hakuna aliyenipigia kelele. Mzee mmoja alisimama kando ya shamba na baiskeli yake, akavua kofia, akabaki hivyo kichwa wazi kwenye upepo mpaka nilipofika mwisho wa mstari nikageuza. Nikampungia mkono. Akavaa kofia, akaondoka. Nilidhani amenisalimu. Jioni nikaingia dukani kununua mkate, mazungumzo yakakatika. Shayiri yenyewe iliota vizuri, kama unataka kujua. Lakini kufika Juni, familia tatu zilikuwa zimenitumia ujumbe kwamba mkataba ukiisha hawaongezi.

Sikuwa na mtu wa kuniambia niombe radhi vipi. Agosti ikafika sikukuu ya Spas, ambayo siku zile ilikuwa tarehe 19, sasa ni tarehe 6. Watu hupeleka kanisani matufaha ya kwanza, asali na masuke yabarikiwe. Jirani yangu alikuwa mjane, kipande chake cha hekta nne kilikuwa kimojawapo cha vile nilivyopanda siku ile. Nilimpelekea masuke niliyoyafunga kwa uzi, nikamwomba ayaweke kwenye kapu lake. Aliyageuza, akavunja suke moja kiganjani, akapuliza makapi, akatafuna punje mbili. Kisha akayapanga chini ya matufaha, siyo juu, ili yasidondoke. Mwishoni mwa Septemba, siku ya kupanda ngano ya baridi, alikuja kwa miguu mpaka shambani na yale masuke yaliyobarikiwa kwenye kitambaa. Akayapukuchua mwenyewe, akayamwaga kwenye sanduku la mashine ya kupandia kwa mkono wake. Punje hazikujaza hata kikombe. Familia mbili kati ya zile tatu bado ziko nami.

Tangu mwaka ule, siku hizo mashine hazitoki, hata mvua iwe inanijia kutoka upande wa mji wa Kremenchuk. Kodi ya ardhi nawalipa wenyewe kwa ngano, mafuta ya alizeti, sukari, na kinachobaki kwa hryvnia, fedha ya hapa, kabla ya sikukuu ya Pokrova, tarehe 1 Oktoba, ndipo kazi za shamba zinahesabiwa kufungwa na arusi zinaanza. Mwishoni mwa Mei au Juni, siku ya Utatu, nenda umtembelee mtu yeyote. Sakafu yote imetandazwa majani ya lepekha yaliyokatwa ziwani na picha takatifu zimezungushiwa matawi. Ile harufu ukiikanyaga hutaisahau.

Dada wa Ternopil

Kaka Ngano amemaliza, naongeza la mkononi tu. Mimi nakuza matunda na mume wangu huku magharibi, kwa Wakatoliki wa ibada ya Kigiriki, nao walihama kalenda mwaka uleule wa 2023.

Usipeleke keki ya dukani yenye siagi, maana ni mfungo. Peleka asali, au jozi, au samaki. Usiende na maua yenye idadi shufwa, hayo ni ya makaburini. Mtoto mpelekee machungwa. Kitambaa cha meza kikiwa na matuta usishangae, chini yake kuna nyasi kavu, na kwenye pembe nne kuna kitunguu saumu. Salamu ukiingia: "Khrystos narodyvsia", Kristo amezaliwa, nao hujibu "Slavimo Yoho", tumtukuze. Hiyo ni salamu ya imani, wewe kama moyo wako hauruhusu sema "Dobryi vechir", jioni njema, kwa heshima, wataipokea. Watoto wakija kuimba koliada, nyimbo za Krismasi, weka noti tayari. Kwetu mwaka jana fedha zote za watoto zilikwenda kwa askari.

Nakuonya kwa lililonipata. Asubuhi ya Mwaka Mpya wanaume na wavulana huzunguka kumwaga ngano majumbani. Mwanamke hatangulii kuingia nyumba ya mtu siku ile, inasemekana anafungia bahati nje. Mimi sijui hili wala lile, mwaka wangu wa kwanza nilibisha kwa jirani saa mbili asubuhi na sahani ya sambusa nilizokesha kuzikaanga. Alisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, uso mwekundu, hanikaribishi wala hanifukuzi. Nililia njia nzima. Mchana akaja mwenyewe kwangu akanieleza, tukazila zikiwa zimepoa. Kwa hiyo wewe mwanamume nenda, tena asubuhi na mapema.

Nipo Zhytomyr

Mimi nasema kitu kimoja. Uliza kama wana kuni na kama simu zao zina chaji. Huku kwetu umeme unakatwa saa nyingi, na mama mwenye mwana vitani anakesha anatazama simu. Nilimpelekea mama mwenye nyumba wangu betri kubwa ya kuchajia, alinishika mikono yote miwili. Desturi utajifunza hukohuko mezani.

Fundi wa Ng'ombe

Nimerudi kuwapa habari, wakubwa, na kuomba jambo la mwisho.

"Vybachte" nilisema siku ileile niliposoma. Yule mama alikuwa anafunga aproni. Alinisikiliza, akanigusa shavu kwa mkono wenye maji, akarudi kwa ng'ombe.

Bosi alikubali. Tulisogeza nusu saa nusu saa kama kaka alivyosema, maziwa yalishuka kidogo siku ya pili, yakarudi. Tarehe 24 kina mama waliondoka saa tisa alasiri. Mimi na bosi tukasafisha, yeye ndiye aliyeshika mpira wa maji, nilioga kwa maji ya ndoo nikakimbia na asali yangu, machungwa na betri.

Umeme haukuwepo. Mshumaa mmoja mezani, na jiko la kuni nyuma yetu. Mjukuu alikuwa amewekwa dirishani kuilinda nyota, mawingu yamefunga, anabubujikwa na machozi kwamba haitatoka na hatutakula. Bibi yake akamwambia ipo, iko nyuma. Sahani tupu zilikuwa mbili, kaka, kama ulivyosema. Moja ilikuwa na kijiko tu. Ya pili ilikuwa na simu, uso juu.

Kabla hatujakaa, mama alijaza kibakuli kutia, akakishika. Ana ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba, wa rangi ya kahawia, mzee, nilimtibu kiwele Oktoba. Nilijua kinachofuata kwa sababu mlikuwa mmeniambia, nikawa natazama atakwenda yeye au mkwewe. Akanipa mimi. Hakusema neno, alifungua mlango na kunielekeza kwa kidevu. Nikatoka na mtoto ananishikilia koti, ameacha kulia, anataka kusikia ng'ombe akisema. Ng'ombe alilamba kibakuli mpaka pembeni. Mtoto akaweka sikio lake kwenye shavu la ng'ombe muda mrefu, mimi nikashika taa ya simu, theluji inatuangukia. Nilimuuliza amesema nini. Alisema amemtaja baba.

Nilikula vyote kumi na viwili. Saa nne simu ikalia mara moja, ujumbe, mkwewe akausoma kwa sauti, ni maneno matatu tu kwamba yuko salama. Ndipo wakaanza kuimba.

Sasa huyu mtoto anataka tarehe 1 asubuhi twende naye kumwaga ngano nyumba zote za mtaa wao, maana anasema lazima awe na mkubwa. Ghalani kwetu kuna ngano ya mbegu iliyobaki, ile nyekundu. Nitumie hiyo?

Ngano na Alizeti

Usithubutu! Ile nyekundu imetiwa dawa ya kuvu, ni sumu, na ngano ikishamwagwa watu wanaizoa sakafuni wawape kuku, wengine wanaihifadhi waichanganye na mbegu za Machi. Chukua ngano safi ya chakula, kilo tano, ichanganye na shayiri na njegere kidogo. Mtoto aweke kwenye mfuko wa kitambaa shingoni. Anamwaga kwa mkono wa kulia, ndani ya nyumba, kuelekea kona yenye picha takatifu, siyo usoni mwa watu. Atakuwa anaijua, lakini jifunzeni wote njiani: "Siiu, siiu, posivaiu, z Novym rokom vas vitaiu." Napanda, napanda, namwaga mbegu, kwa Mwaka Mpya nawasalimu. Wewe simama nyuma yake, yeye atangulie kuingia. Muanze saa moja asubuhi, kukiwa bado giza, na nyumba ya kwanza iwe ya bibi yake.